Umeme Ukirudi, Nani Ataitangaza Anwani?



Wiki hii nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo ikifanyika vizuri hakuna anayeiona, na isipofanyika hakuna anayejua wa kumlaumu. Nayo ni kazi ya kuitangaza upya anwani ya kompyuta kila anwani hiyo inapobadilika. Najua yuko mtu aliyesikia maneno hayo akaanza kunyoosha mkono kubadili stesheni. Namwomba asubiri kidogo. Katika miji yetu siku hizi wapo watu wengi, wenye maduka, wenye ofisi ndogo, wenye nyumba zilizofungwa kamera, ambao shughuli zao zimening'inia kwenye kijiprogramu kimoja cha kufanya kazi hiyo, na wengine wao hawajui hata kama kipo.

Katika intaneti kila mtambo hujulikana kwa namba. Kwa utaratibu wa zamani, ambao bado tunao, namba hiyo ni mafungu manne yaliyotenganishwa kwa nukta, na hakuna fungu linaloweza kuzidi 255. Binadamu hawezi kukariri namba za namna hiyo, kwa hiyo tukatumia majina. Hapo mwanzo majina yote yaliandikwa katika faili moja tu, lililotunzwa na taasisi ya utafiti ya SRI huko Menlo Park, jimbo la California, katika ofisi iliyoongozwa na Bibi Elizabeth Feinler. Ukitaka kompyuta yako iingizwe kwenye orodha, uliwapelekea habari, nao wakaiandika, kisha wengine wote wakaja kuchukua nakala. Mtandao ulipokua, utaratibu huo ukaelemewa. Mwaka 1983 Bwana Paul Mockapetris akatoa mpango mpya wa kuigawa kazi: kila kikoa kiwe na watunzaji wake, na anayetafuta anwani aulize ngazi kwa ngazi mpaka afike kwa mwenye jibu. Mpango huo ndio uitwao DNS, na ndio tunaoutumia mpaka leo.

Mpango wenyewe ulijengwa juu ya dhana kwamba aliyekwisha kupewa anwani atakaa nayo. Seva za vyuo vikuu na za majeshi hazikuwa na tabia ya kuhamahama. Lakini namba za utaratibu ule wa zamani zina kikomo, hazizidi 4,294,967,296, na tarehe 3 Februari 2011 mafungu ya mwisho ya akiba kuu yaligawiwa kwa mashirika matano ya kanda. La Afrika ni AFRINIC, lenye makao yake Mauritius. Bidhaa ikishakuwa adimu, muuzaji huanza kuipima kwa kijiko. Kampuni inayokuuzia intaneti haikupi anwani iwe yako, inakuazima. Ni kama nyumba ya wageni. Leo umelala chumba namba saba, umetoka kwenda mjini, ukirudi jioni unakuta saba kimechukuliwa nawe unapewa kumi na mbili. Mteja wa kawaida hilo halimsumbui hata kidogo, kwa sababu yeye ndiye anayetoka kwenda kuwatafuta wengine. Linamsumbua yule anayetaka yeye atafutwe.

Kwa ajili ya watu wa aina hiyo ndipo zilipozuka, mwishoni mwa miaka ya 1990, huduma za jina linalofuata anwani. Mojawapo iliyojulikana sana ilianzishwa na wanafunzi wa Worcester Polytechnic Institute, Massachusetts, na baadaye ikaitwa Dyn. Utaratibu wake ni rahisi. Unachagua jina kwao. Nyumbani kwako, ndani ya kompyuta yako, unaweka programu ndogo ambayo kila baada ya dakika chache huuliza mtambo ulioko nje: "Mimi naonekana nikitokea namba gani?" Ni lazima iulize nje, maana kompyuta iliyo nyuma ya ruta haijui namba ya barabarani, inajua ile ya chumbani tu, ambayo mara nyingi huanza na 192.168. Jibu likija tofauti na la jana, programu hupeleka habari kwa mwenye huduma: jina langu ni hili, neno langu la siri ni hili, anwani yangu sasa ni hii. Mwenye huduma huandika upya. Na kwa kuwa jibu la jina hilo huruhusiwa kutunzwa na wengine kwa muda mfupi tu, mara nyingi sekunde 60, baada ya dakika moja au mbili dunia nzima inajua umehamia chumba kipi.

Hapo ndipo watu wengi huishia. Programu imewekwa, jina linaitika, fundi amelipwa, ameondoka. Swali ambalo halikuulizwa ni hili: kompyuta ikizimika na kuwaka, ni nani atakayeiamsha programu hiyo?

Nina rafiki mwenye maduka mawili ya dawa, moja Ilala na jingine dogo Mbagala. Daftari lote la dawa, nini kimeingia, nini kimetoka, kipi kinakaribia kuharibika, limo katika kompyuta ya Ilala. Mbagala huuliza Ilala kwa njia ya intaneti, kwa jina la aina hii ninayoieleza. Jumamosi moja usiku umeme ulikatika Ilala, ukarudi alfajiri. Ruta ikawaka, ikapewa anwani mpya. Kompyuta nayo ikawaka yenyewe, kwa sababu aliyeiweka alikuwa mtu wa busara na aliipangia hivyo. Ikafika kwenye ule ukurasa unaosema andika jina lako na neno lako la siri, ikatulia hapo. Jumapili duka la Ilala halifunguliwi. Mwenye ufunguo alikuwa Korogwe msibani.

Mbagala Jumapili wanafungua. Saa nne asubuhi akaja mama mmoja anatafuta insulini ya mtoto wake. Kwenye jokofu la Mbagala haikuwamo. Mwuzaji akataka kutazama kama Ilala ipo ya aina ile, ili apige simu mtu akafungue wakaichukue. Akaliita jina, jina likamjibu kwa anwani ya jana, ambayo saa hiyo ilikuwa ya mteja mwingine kabisa wa kampuni ileile, au haikuwa ya mtu. Akajaribu tena, akajaribu tena. Mama hakungoja, akapanda bodaboda kwenda kutafuta mbele. Aliipata, nilimwuliza mwuzaji baadaye akaniambia aliipata, kwenye duka la nne. Na kule Ilala zilikuwako chupa sita.

Mtu anaweza kusema kosa ni la umeme, na kwa kweli umeme tumeuzoea kuusingizia kila kitu. Lakini tazameni vizuri. Umeme ulirudi. Intaneti ilirudi. Kompyuta iliwaka. Kila kilichohitajika kilikuwa tayari, isipokuwa ile programu ya kutangaza anwani, ambayo ilikuwa imewekwa katika orodha ya vitu vya kuanza pale mtumiaji anapoingia. Mtumiaji asipoingia, nayo haianzi. Wakati ambao anwani ina uwezekano mkubwa wa kubadilika ni wakati uleule ambao kompyuta imewaka bila mtu mbele yake. Kuiweka programu hii imngoje mtu ni kumwajiri mlinzi wa usiku ambaye haanzi zamu mpaka tajiri afike ofisini asubuhi.

Sasa, kompyuta zote tunazozitumia zina namna mbili za kuanzisha programu, na watu wengi wanaijua moja tu. Ya kwanza ni hiyo ya kumngoja mtumiaji. Inafaa kwa vitu vinavyomhusu mtu, kama programu ya kuandikiana ujumbe au ile picha ndogo ya saa. Ya pili ni ya kuanzishwa na mfumo wenyewe, mara tu mtambo unapoamka, kabla mtu yeyote hajaandika neno la siri, na kuendelea chinichini hata watu waingie na kutoka mara ngapi. Katika Windows programu ya namna hiyo huitwa huduma. Kuna programu kadhaa za kutangaza anwani ambazo katika mipangilio yake kuna kisanduku cha kuweka alama ili iendeshwe kama huduma badala ya kuanza mtu anapoingia. Kisanduku kimoja, alama moja. Katika Linux, programu inayojulikana sana kwa kazi hii ni ddclient, iliyoandikwa kwa lugha ya Perl, na katika mifumo mingi huikabidhi kwa systemd, ambaye ndiye msimamizi wa kuamsha huduma zote mtambo unapowaka. Unamwambia mara moja kwamba huduma hii iwe inaanza kila siku, na ikianguka aiinue. Hasahau.

Katika mifumo ya ukoo wa Unix watumishi hawa wa chinichini huitwa kwa neno lenye maana ya pepo. Jina hilo walilitoa wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1963, wakimkumbuka yule pepo wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, anayesimama mlangoni usiku na mchana akizichambua chembe za hewa, zenye mbio huku na za polepole kule, wala hachoki. Kwetu pwani tungesema jini la kutumwa. Na majini ya kutumwa, kama wazee walivyotuambia, yana masharti.

Sharti la kwanza ni kwamba mtumishi huyu anaamka mapema kuliko barabara. Kompyuta ndogo inaweza kuwa imewaka kwa nusu dakika, wakati ruta inahitaji dakika mbili tatu kuzungumza na kampuni. Programu inaamka, inauliza nje, haipati jibu. Ikiwa imeandikwa ovyo, inasema hakuna mtandao, inajifunga, basi. Anayekuja baadaye anaikuta imekufa, na anaapa kwamba aliipanga ianze. Ilianza kweli! Kwa hiyo inatakiwa ama iambiwe ingoje mtandao uwe tayari, ama iwe na moyo wa kujaribu tena kila baada ya dakika chache bila kukata tamaa. Mimi napendelea hilo la pili, kwa sababu mtandao wa kwetu hauwi tayari mara moja ukabaki tayari.

La pili ni la saa, na limewasumbua mafundi wengi wasijue linatoka wapi. Kuna vikompyuta vya bei nafuu, kama Raspberry Pi iliyotolewa Uingereza mwaka 2012, ambavyo watu huvipenda kwa kazi hii kwa kuwa havili umeme. Vingi vya aina hiyo havina betri ya kutunza saa. Umeme ukikatika, kikiwaka hakijui leo ni tarehe gani. Hushika ile ya mwisho kilichokumbuka, mpaka kiulize mitambo ya saa iliyoko kwenye intaneti. Mazungumzo ya siri ya siku hizi hutegemea hati zenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kikompyuta kinachodhani bado ni mwezi uliopita kinaweza kuikataa hati ya mwenye huduma kwamba bado haijaanza kutumika, na anwani haitangazwi. Baada ya muda saa ikikaa sawa mambo yananyooka, mradi programu ile bado inajaribu.

Sharti la tatu ndilo linalowachanganya hata wajuzi. Huduma haiendeshwi na wewe. Inaendeshwa na mtumiaji mwingine, wa mfumo. Ulipoijaribu kwa mkono wako, ukiwa umeingia kwa jina lako, ilisoma mipangilio iliyo katika nyumba yako. Ikianza yenyewe asubuhi, inasoma nyumba ya yule mwingine, ambamo hakuna kitu. Jina haijui, neno la siri haijui. Ndiyo maana mara nyingi utamsikia fundi akisema, "Nikiianzisha mimi inafanya kazi." Mipangilio inatakiwa ikae mahali ambapo huduma inafika, na kwa kuwa ndani yake mna neno la siri, faili hilo lifungwe lisisomwe na kila mtu anayeigusa kompyuta. Wala hakuna haja ya kumpa mtumishi huyu mamlaka yote ya nyumba. Anayepeleka barua hapewi funguo za sefu.

Tena awe na adabu. Huduma hizi zina lugha yake ya kujibu, lugha ya maneno machache iliyoanzia kwa Dyn na kuigwa na wengi. Programu ikipeleka habari, hujibiwa kwa neno fupi: imekubaliwa, hakuna kilichobadilika, neno la siri si sahihi, jina hilo halipo, umezidisha usumbufu. Kuna hata jibu la 911, ambayo ni namba ya Wamarekani ya kuita polisi na zimamoto, maana yake kwamba matatizo yako kwa mwenye huduma, wewe ngoja. Programu nzuri huandika pembeni anwani ya mwisho iliyotangaza, ikapiga hodi pale tu panapokuwa na jipya. Mbaya hupiga hodi kila dakika na habari ileile, mpaka mwenye nyumba akaifungia mlango, na siku anwani inapobadilika kweli hakuna wa kuisikiliza. Na ikiambiwa neno la siri si sahihi, isimame, imwite mtu. Kulirudia kosa mara elfu hakulifanyi liwe sahihi.

Kuna upande wa pili wa waya nao. Rafiki yangu alipokwisha kurekebisha Ilala, Mbagala iliendelea kupotea mara mojamoja. Ikaonekana kwamba baadhi ya programu za kuunganisha ofisi mbili huliuliza jina mara moja tu, zinapoanza, kisha hushikilia anwani ile kwa siku nyingi. Jina limekwisha kusahihishwa, lakini anayetafuta hakuuliza tena. Dawa yake ni kuipanga upande huo nao uulize upya kila baada ya muda.

Kabla mtu hajatoka mbio kwenda kutafuta fundi, nataka aangalie jambo moja, kwa sababu nimeona watu wakila hasara. Si kila mteja wa intaneti anapewa anwani ya barabarani. Kwa uhaba ule nilioutaja, kampuni nyingi, hasa za simu, huwaweka wateja maelfu nyuma ya anwani moja. Mwaka 2012 hata likatengwa fungu maalumu la namba kwa ajili hiyo, linaloanzia 100.64. Fungua ukurasa wa ruta yako, tazama anwani iliyopewa upande wa nje, kisha ulinganishe na ile ambayo dunia inaiona. Kama ni tofauti, uko ndani ya jengo lenye mlango mmoja wa pamoja, na hata ukiitangaza anwani hiyo kwa tarumbeta, anayebisha hodi hatakufikia. Hapo zungumza na kampuni wakuuzie anwani yako mwenyewe, au tafuta njia ambayo kompyuta yako ndiyo inatoka kwenda kukutana na mwenzake katika seva iliyo nje. Na kama una anwani ya barabarani, tazama pia kama ruta yenyewe haina sehemu ya kufanya kazi hii. Ruta nyingi wanayo. Ruta haina mtu wa kumngoja aingie, na ndiyo ya kwanza kujua kwamba anwani imebadilika. Ubaya wake ni kwamba hukubali huduma chache tu ilizoandikiwa kiwandani.

Halafu kuna suala la jina ni la nani. Wengi hupenda jina la bure. Dyn walikuwa wakitoa la bure kwa miaka mingi, mpaka mwezi Mei 2014 wakaacha, na waliokuwa wamejenga mambo yao juu yake wakabidi walipe au wahame. Mwezi uliofuata, tarehe 30 Juni 2014, kampuni ya Microsoft, kwa amri ya mahakama ya Nevada, ilichukua udhibiti wa vikoa 22 vya kampuni nyingine ya aina hiyo, No-IP, kwa sababu wahalifu walikuwa wakiyatumia majina ya huko kuendeshea virusi. Huenda wahalifu walikuwamo. Lakini walikuwamo pia watu wengi wasio na hatia, wenye vijiduka na kamera zao, wakaamka majina yao hayaitiki. Baada ya siku chache vikoa vilirudishwa. Mimi kwa maoni yangu, mwenye biashara asione uchungu kununua jina lake mwenyewe chini ya .tz au .ke, kwa msajili wa hapa nyumbani ambaye akiudhika anaweza kumfuata ofisini, kisha jina hilo ndilo liwe linatangazwa.

Na mwenye kamera nyumbani anisikilize zaidi. Jina linaloitika saa zote huitika kwa kila mtu. Tarehe 21 Oktoba 2016, Dyn, walewale walioanza kwa kuwasaidia watu wa majumbani, walishambuliwa kwa wimbi la maombi ya uongo mpaka majina ya Twitter, Netflix na wengine wakubwa yakawa hayapatikani kwa saa kadhaa katika sehemu nyingi za Marekani na Ulaya. Katika jeshi lililotumika kuwapiga zilikuwamo kamera na vinasa picha vya majumbani na madukani, vilivyotekwa na programu iitwayo Mirai, ambayo ilikuwa ikivijaribu kwa majina na maneno ya siri ya kiwandani yale ambayo wenyewe hawakuyabadili. Kwa hiyo usiifungulie kamera mlango wa moja kwa moja barabarani. Pitisha kila kitu katika njia iliyofungwa kwa ufunguo, hiyo ambayo mafundi huiita VPN, na mlango huo uwe ndio peke yake ulio wazi. Daftari la dawa la rafiki yangu liko nyuma ya njia ya namna hiyo, na hilo alilifanya tangu mwanzo.

Linabaki suala la kuijaribu. Fundi akikuambia amemaliza, usitosheke na kuona jina linaitika. Mwambie akae chini anywe soda. Nenda ukazime umeme wa chumba kile kwenye swichi kuu, ruta na kompyuta pamoja, baada ya kuhakikisha hakuna anayeandika kitu. Ngoja dakika kumi. Washa. Usiguse kibodi, usiandike neno la siri, usiwashe hata kioo. Toka nje ya jengo, tumia simu yako kwa intaneti ya simu, si ile ya dukani, uliite jina. Ikiwa ndani ya dakika tano hivi limekuunganisha, mlipe fundi. Anwani ikiwa haikubadilika safari hiyo, mwambie akuonyeshe kumbukumbu za huduma, ambamo saa ya kuanza kwake imeandikwa, uone kama ilianza kabla ya mtu yeyote kuingia.

Rafiki yangu hufanya jaribio hilo kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya kufunga hesabu. Mwezi uliopita alinialika nikashuhudie. Tulizima, tukakaa barazani gizani tukizungumza habari za mpira, tukawasha. Nilitazama saa yangu. Mwuzaji wa Mbagala alipiga simu baada ya dakika nne kusema analiona daftari, na ukurasa wa neno la siri pale Ilala ulikuwa bado unamngoja mtu.